Kioo Kilizimika Kabla Hajajibu

Kwako dada yangu mkubwa,

Pokea salamu zangu, nyingi kuliko hata mashati yanayonisubiri hapa kwenye kapu. Goti lako vipi? Na shemeji kikohozi kimemwachia, au bado anakukeshesha? Wanao wasalimie wote, hata yule aliyesema mimi naongea sana. Mimi ni mzima, pasi yangu nzima, nyumba nzima. Ila dada, kama unasoma hii barua umesimama, tafuta kiti. Nilitaka nikuandikie habari za mtaa, jinsi kinyozi alivyorudiana na mkewe na nani alienda kumbembeleza nani, lakini hizo weka pembeni. Makubwa yametokea humu humu ndani kwetu. Na mimi, Redio wenu, dobi ninayeujua mtaa mzima kwa kola zake, nilikuwa sijui kitu. Sijui kitu, dada! Aibu gani hii.

Mdogo wetu Randa ana mchumba.

Haya, pumua. Mimi mwenyewe ilibidi nipumue.

Unamjua Randa alivyo. Asubuhi yuko kibandani kwake nyuma ya nyumba na mbao zake, jioni anakula, anakupa tabasamu moja, analala. Tangu aliponunua ile simu kubwa kwenye duka la kampuni ya simu, waliyomuuzia kwa bei ya chini wakamwambia ana bahati, nilikuwa namwona anaiegemeza kwenye kopo la gundi, anachezesha mikono mbele yake, anacheka peke yake. Mimi nikajua anaangalia vichekesho halafu anaviigiza. Wateja wakiniuliza nawaambia mwacheni, kiziwi naye ana starehe zake. Kumbe, mwenzangu, kulikuwa na mtu upande wa pili anamjibu! Mwanamke. Kiziwi kama yeye, anashonea vitambaa vya makochi kule ambako lori hupeleka fremu za viti vya Randa. Aliwahi kuja hapa na bosi wake kulalamika kwamba kiti kimoja kinayumba. Maji ya kunywa nilimpa mimi, kwa mkono wangu huu. Nikawaona wanarushiana mikono kibandani, nikasema masikini, wanagombana kwa sababu ya kiti.

Unajiuliza nimejuaje. Jumapili mchana nilikuwa napiga pasi suruali ya mwalimu, Randa akaingia na simu mkononi, uso umesawijika. Nilijua ni wewe umekufa, nisamehe. Nikamuuliza nani. Akavuta ncha ya sikio, ile alama yetu ya mwanamke tangu utotoni, ya hereni za mama. Nikamwambia mwanamke gani, shangazi? Akakataa. Akagusa kifua chake. Akavuta sikio tena. Akagusa kifua tena. Dada, pasi niliisahau hapo hapo juu ya suruali. Ule mguu wa kushoto sasa una chapa ya pasi, na mwalimu nimemwambia ndiyo mtindo.

Basi akanieleza polepole, na mimi nabahatisha. Bibie alikuwa amemuuliza swali. Mama yake haoni, na nyumba yake anaijua kwa kupapasa kuta, kumhamisha si rahisi. Sasa bibie akamuuliza Randa, uko tayari uje tuishi wote huku kwetu? Mwanamke kauliza mwenyewe, kavu kavu, bila mshenga! Randa akainua mikono ajibu, kioo kikawa cheusi. Yakatokea maandishi. Nikamnyang'anya simu nikasoma kwa kisomo changu hiki cha kuungaunga, kwamba huduma ya kuonana haipatikani katika kifurushi chako. Huduma ya kuonana! Randa anasema aliendelea kukijibu kile kioo cheusi mpaka mabega yakauma.

Usiniambie angemwandikia ujumbe. Unakumbuka shule ilivyomrudisha, mama akamleta nyumbani kamshika mkono. Na yule naye ni hivyo hivyo, kusoma hajui. Lugha yao ni mikono, na mikono haionekani bila picha. Sasa jiweke mahali pa yule bibie. Umeuliza swali kama hilo, mwanamume akainua mikono halafu akapotea. Ungefikiri nini? Ungefikiri amezima simu akakimbia.

Kesho yake nikafunga kazi, nikamshika Randa mpaka ofisi ya kampuni. Binti wa kaunta mzuri, kucha ndefu, anatabasamu tu. Akanieleza kwamba utaratibu umebadilika, kwamba simu walizouza kwa bei ya chini sasa kuonana kwa video wanafunguliwa wenye kifurushi kikubwa tu. Nikamuuliza kamera imeharibika? Akasema hapana, mama. Mtandao haupo? Upo. Sasa kilichoharibika nini? Akasema hakuna kilichoharibika, imefungwa. Imefungwa na nani? Na sisi, mama. Nikamuuliza simu hii ni ya nani. Akasema ni ya mteja.

Subiri, bado. Nikamwambia haya, hicho kifurushi kikubwa tunakitaka, fungueni. Akasema mwenye laini lazima apige simu huduma kwa wateja, aongee mwenyewe, wasikie sauti yake. Nikamwambia mwenyewe huyu hapa, ni kiziwi, hasemi. Akasema pole sana, ila lazima sauti ya mwenyewe. Nikamuuliza mwanangu, unasikia unachosema? Akainamisha kichwa, akaniambia taratibu kwamba yeye ameajiriwa tu. Foleni nzima ikawaka. Kuna baba alisema simu yake haikubali kumgawia mkewe mtandao na wanalala kitanda kimoja. Kuna mama alisema yake ina redio ndani, fundi kamwonyesha, lakini wameiziba ili asikilize kwa kulipia. Kila mtu akawa anaigeuzageuza simu yake kama vile ndiyo kwanza anaiona. Mlinzi akaja kututuliza, naye akaishia kututolea malalamiko ya simu yake.

Tukapita kwa fundi simu. Akachomeka laini ya kampuni nyingine, simu ikaikataa. Yaani simu yako, mfukoni mwako, inachaguliwa marafiki! Fundi akasema akiilazimisha inaweza kufa kabisa. Kuazima ya mtu hakusaidii, maana Randa anasema bibie hapokei namba asiyoijua.

Nikasema sikubali. Nikachukua simu ya Randa, nikajifungia chooni, nikapiga huduma kwa wateja kwa sauti nzito kama ya marehemu baba. Akapokea dada mmoja mpole, karibu kaka. Akaniuliza siku ya kuzaliwa, nikapatia. Jina la mama, nikapatia. Sasa yule dada alikuwa na mafua, anapenga katikati ya maswali, nikamwonea huruma. Nikamwambia achemshe maji ajifukize, nikamwambia hata marehemu mume wangu yalikuwa yanamshika hivyo hivyo. Akaniuliza kaka, mume wako? Wakafunga laini yote. Hapo ndipo mdomo wangu ulipotufikisha. Randa nilipomweleza hakunikasirikia, alinitazama tu, na hilo ndilo liliniuma.

Nikabaki na njia moja, bosi wake bibie. Nikampigia kwa kisimu changu cha vitufe nimwombe ampe huyo binti habari hata kwa kuashiria, kwamba mtu hajakimbia. Bosi akasema bibie ameomba ruhusa, ameondoka na mama yake, na hajui wameelekea wapi. Kumweleza Randa hilo ilibidi nirudie, maana mara ya kwanza alikataa kuelewa. Akakaa juu ya rundo la maranda, mikono kaiweka mapajani. Dada, mikono ya Randa ikitulia unaogopa.

Sasa ndiyo ushike kiti vizuri.

Siku iliyofuata nasugua kola, nikasikia hodi. Mlangoni kasimama mama mtu mzima, kafunga kitambaa, kavaa miwani myeusi, na aliyemshika mkono ni yule yule bibie niliyempa maji. Mama mtu ndiye aliyesema. Akanisalimia vizuri, akauliza kama hapa ndipo kwa fundi viti, akasema wamepanda lori la mizigo na mgongo wake hauna hamu. Halafu akasema binti yake ana neno moja tu. Kama mwanaume hamtaki, amwambie uso kwa uso, maana yeye hakubali kukataliwa na kioo. Mimi nilikalia kapu la nguo mbichi, nikalowa, wala sikujali.

Nikawapeleka kibandani. Randa anaranda ubao, mlango kaupa mgongo. Hasikii, na bibie hana sauti ya kumwita. Nikataka nikamguse, bibie akanizuia. Akainama, akachota maranda kwa mikono miwili, akamwagia kichwani! Randa akageuka na hasira za kazi. Akamwona.

Dada, nisikilize. Mikono iliyoruka pale sijawahi kuiona. Haraka, haraka, vidole, uso, nyusi, anamkatiza, anarudishwa, wanagombana, wanacheka. Na mimi, umbea mkubwa kuliko wote wa maisha yangu uko mbele ya macho yangu, sikuambulia hata neno moja! Si zile alama zetu za nyumbani. Ni lugha nzima, na mimi humo mgeni. Nilikuwa nahangaika kama kuku. Kisha bibie akamwendea mama yake, akamfunua kiganja, akamgusagusa humo kwa vidole, maana ndivyo wanavyozungumza wao wawili. Mama mtu akacheka mpaka akavua miwani akafuta machozi. Nikamuuliza, mama, wamesema nini? Akasema kwanza chai. Mimi! Kuwekwa nisubiri mimi! Nikapika chai, nikamletea na mto wa kuegemea. Akanywa nusu kikombe ndiyo akasema. Randa anasema alishajibu siku ile ile, mabega bado yanamuuma, na sasa anataka kujua kwao asubuhi mwanga unapiga ukuta upi, aweke meza yake ya kazi hapo.

Kwa hiyo anaondoka, dada. Lori likirudi Jumamosi wanapanda wote watatu na misumeno yake.

Na sasa la kwangu, nalisema nikiwa nimejikunyata. Yule mama aliniuliza mkubwa wa nyumba hii ni nani. Nikasema ni dada. Akaniuliza, na dada atakubali? Nikamwambia ameshakubali, kafurahi sana, kawaombea heri. Uongo mtupu. Hukuwa unajua lolote. Na kisimu changu kilikuwa pale mezani, kina salio la kutosha, nikakitazama, sikukupigia. Makusudi kabisa. Kwa sababu ungesema asubiri. Ungesema mama alimwacha mikononi mwetu, ungesema gari likija nyuma yake nani atamvuta, wateja wakimpunja nani atabishana. Umekuwa ukisema hivyo miaka yote, na mimi nilikuwa naitikia. Lakini ungekuwepo kibandani ungeona. Mdogo wetu anaongea, dada! Anaongea kama mimi! Maisha yangu yote nimewaambia watu Randa ni mpole, hana maneno mengi. Kumbe maneno anayo tele, sisi tulimpa alama za chakula, maji, lala na njoo, tukaishia hapo. Sijalala vizuri tangu siku hiyo.

Ukitaka kunipiga, njoo unipige, ila uje kabla ya Jumamosi. Wageni nimewalaza chumbani mwako, shuka nimezinyoosha mwenyewe. Mama mtu anaongea, we acha, jana nilimkatiza mara mbili tu.

Msalimie shemeji, wasalimie watoto, na majirani zako wale wanaonidai habari waambie wangoje. Bibie nimemwonyesha picha yako, akakuangalia sana. Randa kasimama hapa mbele yangu tangu nianze ukurasa huu, anataka nimwandikie lake. Nimemuuliza mara tatu nisije nikakosea. Anasema salamu za kupitia kwa mtu hazitaki, wala usipige simu. Anasema uje, ukae mbele yake, akwambie mwenyewe, na usiwe na haraka, maana ni marefu.

Ni mimi mdogo wako mtundu, ninayekupenda na kukuogopa,

Redio