Ukurasa Uliobaki Chini ya Mkeka

Babu,

Kuna jambo ambalo sijamwambia mtu, hata Mama. Ndani ya mfuko wa kurasa chakavu utakaozamishwa ziwani kesho baada ya sala ya Ijumaa, mna daftari ambalo halikupaswa kuwamo. Nililitia mimi.

Tangu ulipotuacha ni miezi minne. Ufunguo wa chumba cha vitabu, pale uani kwa msikiti, anao Baba mdogo sasa. Mchwa wamekula rafu ya upande wa ziwa. Wiki jana alinituma nifagie na nitenge: vitabu vizima virudi mahali pake, kurasa zilizochakaa ziingie katika mfuko. Mwanao anadhani humo najua kufagia tu. Hajui kwamba macho yako yalipofifia mimi ndiye niliyekusomea, mlango umefungwa, na kila nilipokosea uligonga goti langu kwa kidole. Ulisema, "Tutabaambia, mujukuu wangu. Tuache kwanza bazoee kukuona humu." Hawakupata muda wa kuzoea.

Babu, niliona vitu. Kile kitabu chako cha chapa kutoka Bombay, chenye maua pembezoni, kumbe nyuma yake kina ndugu watatu. Kimoja kimeandikwa kwa mkono, na wino wake mwekundu bado unawaka kama pilipili. Nyuma zaidi, mahali ambapo mkono wako haukufika, lilikuwapo daftari lisilo na jalada, limeanza na Bismillahi. Nilikaa chini, nikasahau ufagio. Mara nikasikia viatu vya Baba mdogo uani. Niliogopa atanikuta nasoma, nikalisukuma lile daftari ndani ya mfuko. Akaingia, akaushona pale pale, kwa amerikani ile ile tunayoshonea sanda.

Desturi unaijua kuliko mimi. Kwetu kila herufi ya Kiarabu ni neno la Mungu. Haichomwi, haitupwi, inazikwa majini. Na mfuko ukishashonwa ni kama maiti. Haufunguliwi.

Ukurasa mmoja ulichomoka ukabaki chini ya mkeka niliokalia. Nilidhani ni dua. Niliusoma nyumbani, nimeuficha katika kaye yangu, daftari la hesabu la shule, na ni Kiswahili, Babu. Herufi za Kiarabu, maneno yetu. Mwandiko si wako. Ukurasa unataja waliojenga nyumba za kwanza hapa Baraka, nani alivuka kutoka Ujiji, nani alishuka kutoka milimani. Unamtaja baba yako akiwa mtoto wa kubebwa mgongoni. Halafu mstari wa mwisho: "na mama yake, mwanamke Mubembe wa kijiji cha Lubondja, jina lake". Karatasi inaishia hapo.

Kila Ijumaa uliwaombea wafu wako mmoja mmoja, na ukimfikia bibi yako ulisema, "Na yule ambaye jina lake Mungu analijua." Sasa jina lipo, kwenye ukurasa unaofuata, na kesho litafungiwa jiwe.

Nimejaribu kumwambia Baba mdogo mara tatu. Mara ya kwanza nilimwuliza kama anataka chai. Nikisema, watauliza nimejuaje kusoma herufi hizo. Watasema ulimfundisha msichana kwa siri, na wewe huwezi kujibu. Shuleni mwalimu ananiita mara mbili kabla sijasikia. Silali vizuri.

Ni Ijumaa sasa, jioni. Naendelea.

Nilikwenda ufukweni. Mtumbwi ulikuwa tayari, na bamama walikuwa wakianika ndagala, wale samaki wadogo. Nikamwambia Baba mdogo kwamba ndani mna kitabu kisicho cha dini. Hakunisikia mara ya kwanza, nikasema tena. Akanitazama. "Mutoto wangu, hii haiko mufuko ya muhogo, ya kufungua uone kama imeoza." Watu wakacheka.

Nikautoa ukurasa nikausoma. Nilikosea mstari wa pili. Nikagonga goti langu mwenyewe, nikarudia. Nilipofika mwisho hakuna aliyekuwa akicheka.

"Nani alikufundisha?"

"Baba yako."

Aliupokea ukurasa, akautazama, akanirudishia. Kisha aliwaomba bamama kisu, akasoma dua, akaukata uzi kwa mkono wake. Alitoa lile daftari peke yake, akaushona mfuko upya, ukaenda majini. Njia nzima ya kurudi alitembea mbele yangu. Sijui kama amekasirika. Mlangoni alinipa daftari kwa mikono miwili.

Pumzika, Babu. Nakuahidi nitalinakili lote, ukurasa kwa ukurasa, na sitafunga mlango nikisoma.

Baada ya alasiri nilikwenda kaburini kwako. Nikasoma ukurasa unaofuata, polepole. Jina lake ni Wabiwa. Nililisema mara mbili ili ulisikie, kisha nikarudi nyumbani kumsaidia Mama kutwanga majani ya muhogo ya sombe.

Mjukuu wako