Ushuhuda wa Mapema

Free Area, Nakuru
4 Machi 2025

Mama mpendwa,

Bwana asifiwe. Habari za Elburgon, na mguu wako? Sisi ni wazima, ila nimechoka kupigia simu uliyoizima. Ndiyo maana nimempa Zeddy wa viazi barua hii akuletee.

Mama, mrudishe Kibii hospitalini. Nilimruhusu aje kwako wikendi tu. Mwaka jana walimtibu kwa sumaku peke yake, ile inayogonga kichwa kama kigogota, ikampunguzia ile huzuni kidogo. Safari hii daktari anamwekea kwanza umeme mdogo kwenye paji la uso, unawasha ngozi tu, halafu sumaku inafuata. Anasema mbili pamoja huenda zikauamsha ubongo ambao moja ilishindwa kuuamsha. Na kweli, kabla hajaja kwako ndugu yangu aliomba chai mwenyewe! Sasa umemkatiza katikati.

Mwanao,
Jepkoech

Elburgon
9 Machi 2025

Jepkoech binti yangu,

Salamu katika jina la Yesu. Mguu unauma kukiwa na baridi tu. Ng'ombe mweusi amezaa.

Usinipigie kelele. Kibii amepona. Anakamua, anacheka na majirani. Leo nimetoa ushuhuda kanisani, pasta akamwekea mikono, tukachinja mbuzi. Nikimrudisha kwa umeme wenu, watu wataniuliza kama Mungu alimponya nusu. Nitajibu nini?

Mamako

Nakuru
12 Machi 2025

Mama,

Salamu zikufikie, na ng'ombe pia.

Mbuzi! Daktari hajamaliza, wewe umeshachinja? Nani alikwambia Mungu anashindana na sumaku? Hata mwaka juzi Kibii alicheka wiki nzima, halafu tukamkuta ghalani akituaga, akisema hataki kuishi tena. Umesahau? Mimi sijasahau, na ninaogopa.

Umenichosha mpaka basi. Kila siku nampigia daktari nikimwomba asimpe mtu mwingine nafasi yake. Aibu ya kanisa itapita, Mama. Kibii tunaye mmoja tu.

Mwanao,
Jepkoech

Elburgon
30 Machi 2025

Jepkoech,

Hujambo mama? Mimi sijambo kwa mwili tu.

Tangu Jumatatu Kibii hajakamua. Analala akitazama ukuta, chakula kinapoa. Nilimwombea. Nikamkemea, Mungu anisamehe. Akaniambia, "Mama, usinikasirikie. Nilikuwa nacheka tu ndio kanisa isikucheke."

Nililia. Wiki zote hizo mtoto mgonjwa alikuwa anaulinda ushuhuda wangu, na mimi nikijisifu.

Leo nimesimama tena mbele ya watu. Nimewaambia mwanangu bado anaumwa, nilimtangaza mzima kabla ya wakati, na anarudi Nakuru kwa mashine zote mbili. Pasta akakohoa.  Kisha Mzee Hiram wa kwaya akainuka, nikajua sasa nimekwisha. Akauliza, "Hiyo hospitali inaweza chukua bibi yangu pia?"

Sikujua mkewe anaumwa, Jepkoech. Tunakaa benchi moja kila Jumapili.

Barua hii Zeddy anakuletea leo jioni. Mwambie daktari Jumanne tuko mlangoni kwake. Kibii halali peke yake hadi hapo. Nimeweka godoro langu chumbani kwake. Mzee Hiram na mkewe tunakuja nao, kwa hiyo pika vya kutosha. Na usianze kunisema kabla sijakaa.

Mamako