Rangi ya Chungwa Chini ya Bawa la Kushoto

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: limehifadhiwa, shahidi ni mtoto
Umri: miaka 16
Kazi: mwanafunzi wa sekondari
Makazi: nyumba za wafanyakazi, nyuma ya kiwanda
Aliyekuwepo: shangazi yake

Kuna jambo sijamwambia mtu yeyote, hata shangazi aliyeketi hapa. Baba yangu haoni vizuri.

Baba ni dereva wa basi la wafanyakazi. Kwa miaka miwili tumekuwa tukiunda ndege ya abiria ya mfano, inayoongozwa kwa rimoti, mita nne kutoka ncha ya bawa moja hadi ya pili. Mifupa yake ni mbao nyembamba, mwili ni povu gumu. Tuliiundia sebuleni. Kochi lilihamia barazani na mkia ukatokeza dirishani. Baba alitaka ifanane na ndege halisi kwa kila kitu. Nilipochora madirisha, upande mmoja ukazidi dirisha moja, akanifutisha yote.

Mwezi uliopita aliniambia nipake rangi ya chungwa chini ya bawa la kushoto. Nikasema, "Baba, ndege halisi haina hiyo." Akasema, "Wewe paka tu." Hapo ndipo nilipojua. Ndege nyeupe ikiwa juu, alikuwa hajui tena imelalia upande gani. Tangu siku hiyo, kila tukirusha, nilisimama nyuma yake nikimnong'oneza: inainama, inyooshe, geuza.

Mnamo Ijumaa jioni, jirani yetu fundi magari, tunayemwita Spana, alitukuta tumeibeba. Akasema, "Dereva, hilo dude litabeba nini, panya?" Baba akajibu, "Litakubeba wewe, jiandae." Walicheka wote wawili. Sasa naambiwa kile kilikuwa kitisho.

Kesho yake, saa kumi jioni, tulikuwa uwanja wa nyuma ya kiwanda. Ndege ilikuwa inashuka kutua. Spana akakatiza uwanja, simu sikioni. Nikapiga kelele, "Baba, mtu! Pandisha!" Baba akauliza, "Yuko wapi?"

Waliokuwepo wanasema alijifanya, maana Spana alikuwa mbele yetu, peupe, na shati jekundu. Hakujifanya. Bawa lilimpiga Spana kichwani. Mpaka sasa hajaamka.

Baba amewaambia polisi kwamba alimwona, ila mkono uliteleza. Si kweli. Jana nilipomletea shuka mahabusu aliniambia, "Usiseme, mwanangu. Wakininyang'anya leseni, nitatoka hapa niende wapi?" Sitaki afungwe kwa kosa la kukusudia. Wala sitaki arudi kwenye basi, kwa sababu kule hakuna nafasi ya mimi kusimama nyuma yake. Afande, naomba apimwe macho. Sijui nifanye nini kingine.

Nilimwomba afande aligeuze bawa lililo stoo ya vielelezo. Rangi ipo.

Wakati wa kurudi kutoka stoo tulipita mahabusu. Taa ilikuwa inawaka. Baba alikuwa ameshika nondo, hatua kama kumi hivi kutoka kwangu, uso umenielekea. Akauliza, "Nani hapo?"

Afande aliniangalia. Nilirudi mezani, nikayasoma haya yote tangu mwanzo. Ni maneno yangu na ni ya kweli. Natia sahihi.

Sahihi ya shahidi: imetiwa

Ofisa: Nimeyaandika kama alivyoyasema. Bawa nimeliona. Swali la mtuhumiwa nimelisikia pia. Apelekwe kwa daktari wa macho asubuhi.