Kumi na Tisa kwa Ishirini

Jumamosi, 1 Machi 2025

Ramadhani mosi. Nawasalimu wote wa nyumba hii, mmoja mmoja, kama nilivyokuwa nikifanya mezani. Salamu Rabahi mume wangu, Mungu akulaze pema. Salamu Wasila binti yangu uliye Lyon, na mumeo Munir, na Ilyas mjukuu wangu anayekataa kuongea na simu. Salamu Lutfi mwanangu, huko jangwani kwenye visima vya mafuta, na mkeo Karima aliye mjini Wahrani, na Sirini wenu aliyeanza kuota meno. Mimi sijambo. Meza ya watu wanane. Nimekaa upande wa jikoni vilevile – nani mwingine atanyanyuka kuleta supu?

Mwalimu wetu wa darasa la kusoma na kuandika la msikitini alisema tuandike kila tukipata nafasi, hata mstari mmoja, mkono usije ukasahau. Haya, naandika.

Kidonge cha tezi ya shingo. Daktari alisema kinamezwa tumbo tupu, na kila asubuhi nilikimeza na maji. Sasa ni mfungo. Nimewaza tangu jana: tumbo langu ni tupu kabisa saa ngapi? Magharibi! Basi adhana ilipoanza tu nimekimeza, na tende tatu na maziwa. Nimejipongeza mwenyewe, hakuna mwingine wa kunipongeza.

Jumatatu, 17 Machi

Nimetia chumvi mara mbili kwenye supu. Nilimpelekea Yamina, jirani wa ukuta wa pili, bakuli, akarudi nalo limejaa vilevile, akauliza kama nataka kumuua apate kurithiwa mapema. Tulicheka. Alipoondoka nikaacha kucheka.

Baridi. Watu wamevua masweta, mimi nimevaa mawili. Pete ya Rabahi haizunguki tena kidoleni.

Jumatano, 26 Machi

Maziwa yamechemka hadi sufuria imeungua, na mimi nimesimama mbele yake. Nilikuwa naangalia. Sikuona.

Mama yangu alianza hivihivi. Chumvi kwanza, kisha moto, kisha majina ya watu. Mwishoni aliniuliza kwa adabu kama nami nimejaliwa watoto.

Nimejipima. Nimefunika ukurasa wa kwanza wa daftari hili, nikaandika majina ya nyumbani kwa kichwa. Nimesahau mawili, Munir na Karima. Wakwe wote wawili! Siku nyingine ningecheka.

Jumatatu, 31 Machi

Idi. Nilioka sinia zima la biskuti za tende, sijui kwa ajili ya nani. Zamu ya Lutfi haijaisha. Wasila alipiga, picha ikaganda mdomo wake ukiwa wazi. Aliuliza mbona uso umenivimba. Nikamwambia ni simu yake. Nikimwambia habari ya kichwa changu, yeye ndiye atakayekosa usingizi, kule, na mtoto, na kazi ya alfajiri.

Jumanne, 8 Aprili

Jana nilitolewa damu, leo nimechukua majibu. Bado nameza kidonge na maziwa, sasa yale ya kahawa ya asubuhi, nimeshazoea.

Nimesoma karatasi mwenyewe! Herufi sikuzielewa, namba nazijua. Ile ya tezi, Januari ilikuwa tatu nukta nane. Sasa kumi na tisa. Kumi na tisa! Shuleni kwetu alama hutolewa kwa ishirini, ndiyo ya juu kabisa – Wasila alipata kumi na tisa mara moja tu, hesabu, na baba yake akamnunulia saa. Vitamini D nimepata tisa, hapo nimeanguka. Nyingine, B12, mia na arobaini. Hiyo sikujua ni kwa ngapi.

Nilimwonyesha Yamina. Akasema mwanamke wa kumi na tisa hafai kukaa mjane, atafute mtu. Nimelala kwa raha. Kama tezi imepata kumi na tisa, basi haijaharibika kitu.

Alhamisi, 10 Aprili

Daktari hakunipongeza. Ni mwanamke mdogo, sawa na Wasila. Alitazama karatasi, kisha akanitazama uso, kisha mikono.

“Mama, hapa si shule,” alisema. “Hii ni namba ya kugonga mlango. Ubongo unaigongea tezi iamke ifanye kazi. Tezi ikiitika, ubongo unagonga polepole. Kwako hakuna anayeitika, ndiyo maana unagonga mara kumi na tisa.”

Niliiona nyumba yangu palepale.

Akaniuliza namezaje kidonge. Nikasema tumbo tupu, kama ulivyoniamuru. Akauliza na nini.

“Na tende na maziwa, adhana ikilia. Tumbo tupu kuliko hilo liko wapi, binti yangu?”

Aliweka kalamu chini. Nilidhani atanifokea, lakini alikuwa anajizuia kucheka, na mimi nikaona aibu hadi masikioni. Kumbe maziwa yanakikamata kidonge kisiingie mwilini, na chakula nacho vilevile. Tumbo lilikuwa tupu, ndiyo, na mimi nikalijaza papo hapo. Alisema ni maji matupu, kisha nusu saa au zaidi bila kitu, na maziwa yasubiri saa nne nzima. Kwenye mfungo, ni wakati wa kulala, chakula kikishashuka, au niamke mapema kabla ya daku. Kipimo ni kilekile, hakuongeza.

B12 imepungua. Sindano. Vitamini D nayo, akaniandikia kichupa cha kunywa. Akauliza kama napata jua. Nikamwambia zamani nilikuwa napanda darini kuanika kuskusi, chembe za ngano ninazosokota mwenyewe, siku nne, tano, mikono wazi. Tangu Rabahi afe sisokoti tena kuskusi. Mtu mmoja anakula kiasi gani?

Nilikuwa mlangoni nilipogeuka kumuuliza lile lililonipeleka. Kusahau huku ni tezi, au ni ya mama yangu?

Alisema tezi iliyolala husahaulisha, na B12 ikipungua husahaulisha. “Lakini siwezi kukuahidi, mama. Turekebishe hivi viwili kwanza, halafu tuone kinachobaki.”

Kinachobaki. Nimerudi nalo hilo kwa miguu.

Jumapili, 13 Aprili

Maji matupu. Nusu saa nimekaa naangalia saa ya ukutani. Ndefu, nusu saa isiyo na kahawa.

Jumanne, 29 Aprili

Nimesokota kuskusi! Kilo mbili. Nimeanika darini, mikono nje, goti likilalamika kila ngazi. Yamina alipanda akakaa na mimi, akasema ninajianika pamoja na ngano. Tumekaa hadi adhuhuri. Nusu ameondoka nayo yeye.

Jumatano, 14 Mei

Sweta moja.

Jumapili, 25 Mei

Damu imetolewa. Sindano kwenye mkono. Majibu kesho.

Jumatatu, 26 Mei

Nilifungua bahasha njiani, sikuweza kungoja. Namba ya kugonga mlango: tano. Imeshuka kutoka kumi na tisa! B12 imepanda. Vitamini D ishirini na mbili, bado kidogo. Pete inazunguka. Daktari ataniona Alhamisi.

Lakini asubuhi nilishika kopo la bizari nikakosa jina lake. Sekunde chache tu. Zamani pia nilikuwa nakosa? Sijui. Siku zile hakuna aliyekuwa akihesabu, hata mimi.

Nimeamua kumwandikia Wasila yote, maana mtu asiyejua hawezi kuitika. Chumvi, maziwa, bibi yake, kumi na tisa. Nimeandika kwanza hapa, na salamu za wote kwa kichwa, ukurasa wa kwanza umefunikwa. Kisha nimefunua, nikalinganisha.

Safari hii wakwe wapo wote. Limekosekana moja. Ilyas.

Sijaandika upya. Nimemwongeza chini kwa mkono, nikapiga picha ya karatasi, nimetuma hivyohivyo. Nimeandika: Wasila mwanangu, mwambie Ilyas bibi yake alimsahau mstari mmoja tu, na amerudi kumchukua. Usinipe pole. Nitajie tu hayo majina yote kwa sauti, nami nifuatishe. Nijibu upesi.

Alama mbili zimetokea kwenye simu, imefika. Bado za kijivu.