Ile A na Ile B

Mjukuu wangu Achieng,

Huku Kianda tu wazima, na babu yako ameanza kutembea tena. Unauliza mtoto amepataje damu ya AB wakati wewe ni A, na mumeo, aliye B, amenuna.

Nilipokuwa karani mgeni katika kliniki moja Kawangware, baba mmoja alinitupia kadi ya mtoto wake. "Mimi B, mama yake A. Hii AB ni ya nani?" Mkewe alikuwa akilia. Kwa woga nikashika kalamu niifute ile A, nyumba yao isivunjike.

Sista, muuguzi wa zamu, akanishika mkono. "Karani, damu haiandikwi kwa huruma." Kisha akamgeukia yule bwana. "Baba Brian, A ni ya mama, B ni yako. Zote mbili zimejitokeza, hakuna iliyofunika nyingine."

Yule bwana akamwambia mkewe, "Leta mtoto nimbebe, umechoka."

Mpe mumeo barua hii aisome akiwa amempakata mtoto.

Dani yako, nyanya