Maji Meusi ya Boila

Jumamosi, 13 Januari 2007
Hyattsville. Wiki yangu ya kwanza Marekani na nishachoka kukaa! Mwanangu Tito anakwenda kazini, mkewe Queen anakwenda kazini na tumbo lake lile, mimi nabaki na televisheni. Nimefua mapazia. Nimeyafua tena. Maisha yangu yote matroni wa bweni la wasichana Njombe, leo sina hata mmoja wa kumfokea.

Nyumba yenyewe kuukuu. Tito kaipendea miti. Chini ya kila dirisha kuna lichuma lenye mbavu, wanaliita redieta. Boila iko huko chini, kwenye chumba cha ardhini, besmenti. Inachemsha maji, maji yanazunguka kwenye machuma, nyumba inapata joto. Ndivyo inavyotakiwa. Nimelishika la chumbani kwangu: juu vuguvugu, chini baridi kama pua ya mbwa. Na hata baridi yenyewe bado, watu wanapita na fulana nje! Ikija je?

Jumapili, 14 Januari
Tumetoka kanisani, tunakula, Queen akasema. Kwa adabu, lakini akasema. Nyumba ikibaki hivi, akijifungua mwezi ujao hatakuja hapa na mtoto. Atakwenda kwa dada yake Vaileth, Rockville, kwenye fleti mpya yenye joto.

Mjukuu wangu wa kwanza! Nimevuka bahari kuja kumwogesha, halafu aogeshwe na Vaileth?

Nikauliza mkaa unauzwa wapi, tuweke jiko chumbani kwa mzazi kama nyumbani. Tito akaruka kama nimetaja bomu. Mama, utatuua wote! Haya. Lakini kwa Vaileth mtoto haendi, labda mimi sijui kusimamia nyumba.

Jumamosi, 20 Januari
Amekuja Ndirangu, rafiki yake Tito, Mkenya. Anashughulikia maboila ya maofisi huko mjini. Mdomo huo! "Mathe, hii kitu imeoza! Cheki uchafu!" Mathe, yaani mama, ni mimi.

Kafunga mpira wa maji kwenye boila, kasafisha tangu asubuhi. Yametoka maji meusi kama masizi ya sufuria, na tope. Nimefurahi mno! Mara ya kwanza nchi hii naona kazi inafanyika. Nikashika ndoo, nikapokea, nikamwaga. Mwisho akatia dawa ya kuzuia kutu, akafunga.

Nikamwambia anionyeshe hayo maji aliyoyaacha ndani. Kayakinga kwenye glasi. Rangi ya chai ya mkandaa, isiyo na maziwa! Nikamwambia mwanangu, hujamaliza, mwaga mpaka yaje meupe. Akacheka. Yakae hivyo hivyo mathe, ndiyo dawa hiyo, msiguse kitu.

Yakae! Tangi la bweni tulilimwaga kila Jumamosi, tukasugua, tukajaza maji mapya. Maji yaliyolala mimi hata kudekia situmii.

Ila kusema kweli, machuma yote ya moto, juu mpaka chini. Queen kaegemeza mgongo akacheka. Mbele yangu huwa hacheki.

Jumanne, 23 Januari
Nimeshindwa kuvumilia. Walipoondoka tu nikashuka besmenti. Koki ile ile aliyoitumia Ndirangu, chini ya boila. Ndoo moja. Meusi! Si nilijua! Kijana kalipua kazi. Nimemwaga, boila ikajijazia maji mapya yenyewe kutoka bombani. Sijamwambia mtu. Nitawashangaza.

Ijumaa, 26 Januari
Kila siku nashuka. Leo yametoka mekundu kidogo, si meusi tena. Yanakuja, yanakuja. Mgongo unauma, roho yangu kwatu. Nikimaliza napika, Queen akirudi anakuta wali. Kaniuliza, mama, mbona siku hizi una furaha? Nikamwambia hewa ya Marekani imenikubali.

Jumatatu, 5 Februari
Baridi! Mimi ni wa Njombe, baridi naijua, lakini hii ina kisirani. Inaingia mpaka kwenye meno. Na redieta zinanguruma kama tumbo la njaa. Ya kwangu imekufa kabisa. Queen kavaa koti ndani ya nyumba, kakaa kwenye kochi.

Tito kazishika zote moja moja. "Ndirangu kanitapeli." Na mimi nikatia maneno: yule mdomo tu, nilimwona toka mwanzo! Walipokwenda kulala kidogo jioni nikashuka, nikatoa ndoo mbili badala ya moja. Lazima uchafu aliouacha uishe.

Alhamisi, 8 Februari
Tito kampigia Ndirangu, simu kaiweka mezani, sauti nje. Mimi nakata mchicha. Tito kafoka, sijapata kumsikia hivyo: Jumapili atawatangazia watu wote wa ibada yetu ya Langley Park wasimpe huyu mtu kazi hata ya kubadilisha balbu.

Ndirangu naye akapandisha. Akaapa. Kwamba ile dawa inakaa miaka. Kwamba maji yakishazunguka humo ndani yanatulia, hewa yake imeisha, hayali chuma. Maji mapya ndiyo sumu, yanaingia na hewa mpya, yanaleta kutu, yanakoroga tope, pampu inakwama. "Sasa labda kuna mtu anachenji maji kila siku! Na nani mwenye akili atachenji maji ya boila?"

Tito akacheka kwa hasira.

Nimejikata kidole. Leo sitaki kuandika.

Jumamosi, 10 Februari
Nimefungua mdomo kwenye chai. Nikaomba sukari. Nimefungua tena mchana, Tito yuko kwenye simu: mchungaji alikuwa ampe Ndirangu kazi ya nyumba yake, kasikia, kaahirisha. Nikafunga mdomo.

Queen anapanga vinguo kwenye begi la Rockville. Nimemsaidia kukunja. Soksi ndogo kama kidole gumba! Akaniambia asante mama, usijisikie vibaya, si kosa lako. Nilitamani sakafu inimeze.

Ndoo ina mstari mweusi ndani. Nimeusugua kwa stilwaya mpaka vidole vimechubuka. Mimi, matroni! Hautoki. Nimeisukuma chini ya kitanda.

Jumatatu, 12 Februari
Kazaliwa! Msichana! Mzima, na mama yake mzima. Tito kapiga simu kutoka hospitali, analia, mimi nacheka. Wamempa jina langu. Adela! Nimepiga vigelegele peke yangu jikoni, nimevaa koti na soksi za Tito. Jirani kachungulia dirishani. Achungulie!

Jumatano, 14 Februari
Usiku imenyesha barafu. Miti yote imevaa kioo, gari lake Tito kalibandua kwa maji ya moto. Queen anaruhusiwa leo. Ndirangu kaja hivyo hivyo na utelezi huo, kang'ang'ania aone kwa macho yake kabla hajachafuliwa jina zaidi. Wako besmenti. Mimi nimekaa chumbani, sauti zao zinapanda na bomba la redieta kama wamo humu humu.

Koki inafunguliwa. Maji yanalia kwenye beseni.

Ndirangu: "Hii si maji yangu. Dawa yangu iko wapi?"

Tito: dawa ipi, uliitia kweli? Sisi mchana kutwa tuko kazini, hapa hayupo mtu wa...

Koki ikafungwa. Nimesikia hata matone.

Halafu Ndirangu, polepole, mdomo wote umekwisha: "Boss, wacha tu. Labda ni mimi nilikosea kipimo. Nitarudia kazi, bure. Usisumbue mathe."

Amejua! Kijana wa watu amejua. Amenikumbuka na ile glasi. Na anajibebesha yeye, mbele ya rafiki yake, na kazi ya mchungaji inampotea, kwa ajili ya mvi zangu. Mimi niliyemwita mdomo tu.

Tito anaita kutoka chini: mama, vaa koti, tukamchukue Queen, tunapitiliza naye Rockville.

Nikisema, Queen hataniachia mtoto kamwe. Nani amwachie mtoto mtu wa namna hii? Nisiposema, nyumba itapata joto, nitamwogesha Adela, na kila nikimwaga maji yake nitamwona Ndirangu.

Nimeivuta ndoo. Iko hapa magotini, na mstari wake.

Miguu kwenye ngazi. Ni ya wawili. Tito anagonga, mama uko tayari?

Nimemwambia ingia. Nimemwambia mwingie wote wawili