Skola Alipokuwa Mkalimani Wangu

Jumanne, 9 Septemba 1997

Kumbe tangu siku ile hospitalini kule Dar, Skola alikuwa anajua. Mwanangu wa kumzaa.

Leo nesi wa macho amenipima. Presha ya jicho la kulia imeshuka vizuri. Nikamuuliza mbona bado ni giza tangu nipigwe leza kule Dar, wakati Mama Kalista wa Lipangalala naye alipigwa leza ya presha ya macho na mchele anauchambua mwenyewe.

Akanitazama. "Mama, hukuambiwa? Yake ilifungua njia ya maji kutoka ndani ya jicho. Yako imechoma sehemu inayotengeneza maji hayo, ili maumivu yapungue. Mara nyingi hupigwa jicho ambalo haliwezi kuona tena."

Daktari wa Dar alikuwa mgeni asiyejua Kiswahili, Skola ndiye aliyenitafsiria. Nilimuuliza Skola kama leza hizi zinatofautiana. Akasema, "Zote ni sawa, mama. Utaona taratibu."

Miezi mitatu, kila asubuhi, nimefumba la kushoto nikijaribu kupitisha uzi kwenye sindano. Yeye ananiangalia tu.

Jioni nimemuuliza. Akalia. "Ningekwambia ungekataa kutibiwa."

Labda ningekataa. Lakini jicho ni langu.

La kushoto nalo presha inapanda. Nesi anasema leza ya kufungua njia inaweza kulisaidia, nisichelewe. Nitakwenda.

Skola ameshaanza kukunja nguo za safari. Nimemwambia atanifikisha mlangoni tu. Kwa daktari nitaingia na mtu mwingine wa kunitafsiria, hata kama simjui.